DAMU BAADA YA KUZAA: KUOKOA ROHO NA KUHIFADHI KIZAZI

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, somo letu hili ni katika jambo ambalo wanaume wengi huona haya kulitaja, na hali wao ndio wanaoulizwa neno lao saa ya shida. Nalo ni damu nyingi imtokayo mwanamke baada ya kuzaa, na namna matabibu wanavyoizuia pasipo kumtoa kizazi.

Tumelichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, damu hii huua kwa muda mfupi, na mara nyingi humwua mwanamke aliyekuwa na afya yake asubuhi ya siku ile ile. Ya pili, wengi wetu tukisikia kuwa mke apelekwa chumba cha kupasuliwa, fikra ya kwanza itujiayo ni kuwa watamtoa kizazi. Na khofu hiyo huwafanya wengine wachelewe kumpeleka, au wachelewe kutoa idhini. Tutabainisha katika milango hii ya kuwa kuchelewa huko ndiko kunakoondoa kizazi, na kuharakisha ndiko kunakokihifadhi.

MLANGO WA 1: Damu ya nifasi na damu ya khatari

Kila aliyekaa darasani anaijua damu ya nifasi. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ghalibu yake ni siku 40, na mwisho wa wingi wake ni siku 60. Lakini hukumu hizi ni za sala na saumu na tohara. Hazikuwekwa kupimia khatari ya mwili. Wako watu waliochanganya mambo haya mawili, wakaona damu inamiminika wakasema, "Si neno, hiyo ni nifasi." Hilo ni kosa kubwa. Fakihi huuliza damu imekaa siku ngapi. Tabibu huuliza imetoka kiasi gani, kwa muda gani, na hali ya mzazi ikoje. Haya ni maswali mbali mbali, wala jawabu la moja si jawabu la jingine.

Kiasi walichokiweka matabibu ni hiki: ikitoka mililita 500, yaani nusu lita, katika muda wa saa 24 baada ya kuzaa, hiyo imepita mpaka, na ikifika lita moja, hiyo ni kali sana. Na katika mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani, pamoja na vyama vya matabibu wa uzazi na vya wakunga, lilitoa mwongozo mpya kwa mzazi aliyezaa kwa njia ya kawaida: zikifika mililita 300, na moyo ukawa unakwenda mbio au nguvu ya damu imeshuka, tiba ianze hapo hapo, isingojewe nusu lita kutimia.

Sababu ya uangalifu huu ni kuwa macho hudanganya. Damu iliyonywewa na shuka na kanga haionekani wingi wake. Tena mwili wa mja mzito huongeza damu yake kwa kadiri ya karibu nusu; kwa hiyo baada ya kuzaa aweza kupoteza nyingi naye bado anazungumza na kutabasamu, kisha kwa ghafula akaanguka. Basi usidanganyike kwa kuwa mke anakujibu salamu.

Dalili ambazo hata asiye tabibu hawezi kukosea ni hizi: kitambaa kulowa kabisa kwa muda wa saa moja au chini yake, kutoka mabonge makubwa, moyo kwenda mbio, kizunguzungu, jasho la baridi, midomo na viganja kuwa vyeupe, na kondo la nyuma kutotoka hata ikapita nusu saa. Mojawapo ya haya likionekana, mahali pake ni hospitali, wala hakuna shauri la kungojea kupambazuke. Na damu hii yaweza kuja hata baada ya siku kadha, mzazi akiwa amekwisha rudi nyumbani. Hukumu yake ni hiyo hiyo.

MLANGO WA 2: Sababu zake nne

Jua ya kuwa mimba inapotimia miezi yake, damu inayopita katika kizazi kila dakika hufika mililita 500 hata 700. Kondo la nyuma likibanduka, mishipa hiyo yote hubaki wazi. Na kinachoifunga ni misuli ya kizazi chenyewe, iliyofumwa ikapishana mfano wa ukili wa mkeka. Mtoto akitoka, hujikaza na kuibana mishipa iliyo katikati yake. Kizazi kikijikaza, damu husimama. Kikilegea, damu hububujika kama bomba lililofunguliwa.

Basi sababu ya kwanza ni kulegea kwa kizazi, nayo ndiyo iliyo nyingi kabisa, hupata kiasi cha wazazi saba katika kila kumi wenye maradhi haya. Ya pili ni kuchanika kwa njia ya uzazi au kwa kizazi chenyewe. Ya tatu ni kubaki kondo au kipande chake. Ya nne ni damu kushindwa kuganda. Kila moja ina dawa yake. Aliyechanika hatapona kwa kukandwa, wala aliyebakiwa na kondo hatapona kwa kushonwa. Ndiyo maana mzazi hutakiwa achunguzwe, na si kupewa dawa moja na kuambiwa avumilie.

MLANGO WA 3: Tiba zisizohitaji kisu

Tiba ya kwanza ni mkono. Mkunga hukikanda kizazi kwa juu ya tumbo hata kiwe kigumu, na hukitoa kibofu mkojo, kwani kibofu kilichojaa hukizuia kizazi kujikaza. Damu ikizidi, huingiza mkono mmoja kwa ndani na wa pili akauweka juu ya tumbo, akakibana kizazi baina ya mikono miwili. Jambo hili lachusha na laumiza, lakini limeokoa roho nyingi barabarani na katika vyumba vya kungojea.

Tiba ya pili ni dawa za kukaza kizazi. Iliyo mbele ni oksitosini, mfano wa ile ambayo mwili wenyewe huitengeneza. Tabibu Henry Dale wa Uingereza aliigundua kazi yake mwaka 1906, na Vincent du Vigneaud wa Marekani akaiunda kwa mikono ya wanadamu mwaka 1953, akapata tunzo ya Nobel mwaka 1955. Dawa hii hutaka kuwekwa mahali pa baridi, kati ya nyuzi 2 na 8. Ikikaa katika joto la pwani huharibika polepole, na chupa yake haibadiliki sura. Ergometrini nayo hukaza sana, lakini haimfai mwenye nguvu ya damu iliyopanda. Na viko vidonge vya misoprostoli, ambavyo havihitaji barafu, hutumiwa mahali pasipo oksitosini.

Tiba ya tatu ni dawa ya kuimarisha mgando wa damu, iitwayo asidi ya traneksamiki. Waliyoigundua ni Utako Okamoto na mumewe Shosuke, wa Japani, nao waliitangaza mwaka 1962. Na bibi huyo alikuwa akitafuta hasa dawa ya damu ya uzazi. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa wanawake 20,060 katika nchi 21, ikadhihirika ya kuwa dawa hii hupunguza vifo vya kutoka damu, kwa sharti itolewe katika saa 3 za mwanzo baada ya kuzaa. Na hesabu zilizofanywa baadaye zilionyesha ya kuwa kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida yake kwa kiasi cha sehemu moja katika kumi. Zingatia hilo, ewe ndugu: dakika kumi na tano ni muda wa kubishana mlangoni juu ya gari la nani litumike.

Zamani desturi ilikuwa kujaribu tiba moja, kungoja, kisha kujaribu nyingine. Siku hizi hutolewa kwa pamoja: kukanda, oksitosini, traneksamiki, maji ya mshipani, na kuchunguza chanzo. Njia hii ilijaribiwa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika ya Kusini, kwa wanawake zaidi ya 210,000, na matokeo yakatangazwa mwaka 2023. Chini ya mzazi huwekwa mfuko wenye alama za vipimo, damu ikaingia humo, ikajulikana kiasi chake pasipo kukisia. Mahali palipofuatwa njia hii, damu kali na matokeo yake mabaya yalipungua kwa kiasi cha sehemu 60 katika mia. Hakukuwa na dawa ngeni ndani yake. Kilichokuwa kipya ni kupima na kuharakisha.

MLANGO WA 4: Mpira ndani ya kizazi

Ikiwa kizazi kimekataa kujikaza, ipo njia ya kukibana kwa ndani. Huingizwa mpira mtupu, ukajazwa maji safi ya chumvi ya tiba, ukatanda na kuikandamiza mishipa. Kisha huachwa kwa muda wa siku moja au mbili, ukapunguzwa maji na kutolewa. Tabibu Younes Bakri aliutengeneza mpira maalumu kwa kazi hii. Na kwa kuwa mpira huo ni ghali, bibi tabibu Sayeba Akhter wa Dhaka, katika Bangladesh, alifikiri njia ya maskini: alifunga mpira wa kiume kwenye mrija wa mkojo, akaujaza maji. Mwaka 2003 alitangaza khabari za wanawake 23 aliowatibu hivyo, na wote damu yao ilisimama. Kitu kinachouzwa kwa senti chache kikafanya kazi ya kifaa cha thamani.

Lakini mpira huu sharti uwekwe na ajuaye, mahali palipo na damu ya kuongeza na chumba cha kupasulia karibu, ili ukishindwa asipotee mzazi. Wala mtu asijaribu nyumbani kuingiza kitambaa, pamba, au majani katika njia ya uzazi. Hayo huficha damu ndani na kuleta usaha, na usaha huziba mirija, na mirija ikiziba ndio utasa.

MLANGO WA 5: Kisu kinachohifadhi

Hapa tumefika palipo na khofu ya wengi. Jua ya kuwa kupelekwa chumba cha kupasuliwa si kutolewa kizazi. Kati ya haya mawili ziko ngazi nyingi.

Katika mwaka 1989, katika mji wa Milton Keynes, Uingereza, mwanamke mmoja alitokwa na damu isiyokatika, naye akakataa kutolewa kizazi. Tabibu wake alikuwa Christopher B-Lynch, mzaliwa wa Sierra Leone. Alikitazama kizazi, akaona ya kuwa kikibanwa kwa mikono damu husimama, na kikiachwa hurudi. Akasema nafsini mwake: kama mikono yakizuia, uzi nao utakizuia. Akatia sindano upande wa chini wa kizazi, akapitisha uzi juu ya kilele chake, akaushusha kwa nyuma, akaurejesha tena mbele kwa upande wa pili, kisha akauvuta na kuufunga. Kizazi kikakaa kimekunjwa na kubanwa, mfano wa mzigo uliofungwa kamba mbili za begani. Damu ikasimama. Mwaka 1997 aliandika khabari za wanawake watano waliotibiwa hivyo, na mshono huo ukaenea ulimwenguni kwa jina lake. Uzi wake huyeyuka wenyewe mwilini, na wanawake walioshonwa hivyo wameshika mimba tena na kuzaa.

Njia nyingine ni kuifunga mishipa iletayo damu. Tabibu AbdRabbo wa Misri alieleza mwaka 1994 namna ya kuifunga kwa daraja: mshipa wa upande mmoja, kisha wa pili, kisha inayofuata, na kila daraja husimama kutazama kama damu imekatika, asifunge zaidi ya haja. Kizazi hakifi kwa kufungwa mishipa hiyo, kwani kina mishipa mingine midogo inayokilisha, nayo hupanuka baadaye.

Na katika hospitali kubwa zenye mitambo ya picha, tangu mwaka 1979 imejulikana njia ya kupitisha mrija mwembamba katika mshipa wa paja hata ufike mshipa wa kizazi, kisha kuuziba kwa vipande laini ambavyo huyeyuka baada ya wiki chache. Njia hii haihitaji kupasua tumbo. Lakini humfaa mzazi ambaye hali yake imetulia kiasi cha kuweza kuchukuliwa mpaka huko.

MLANGO WA 6: Kizazi hutolewa lini?

Suali: Je, ziko hali ambazo tabibu hana budi kukitoa?

Jawabu: Ziko. Kizazi kikipasuka pasipo kushoneka. Au kondo likiwa limeota mizizi ndani ya nyama ya kizazi, jambo linalozidi kwa mwanamke aliyepasuliwa mara kwa mara katika kuzaa. Au tiba zote tulizozitaja zikishindwa na damu ikawa inazidi. Mwaka 1876, katika mji wa Pavia, Italia, tabibu Eduardo Porro alimpasua mwanamke, akamtoa mtoto, kisha akamtoa kizazi kwa ajili ya damu. Mama akaishi, na hali zama zile waliopasuliwa hospitalini humo walikuwa wakifa. Basi kazi hii ilianza kwa kuokoa roho, na hivyo ndivyo ilivyo hata leo.

Suali: Aliyetolewa kizazi, amekuwa si mwanamke tena?

Jawabu: La. Hatazaa wala hatapata hedhi, lakini kwa kawaida vifuko vya mayai huachwa mahali pake, na mwili wake huendelea kuwa mwili wa mwanamke, na unyumba hurejea baada ya kupona. Mume anayemtupa mke wake kwa sababu hii amemdhulumu mtu aliyerudi kutoka mlango wa mauti kwa ajili ya kumzalia yeye.

Suali: Je, kizazi kikibaki, uzazi umesalimika?

Jawabu: Si lazima, na hapa ndipo wengi hawapajui. Chini ya ubongo iko tezi ndogo iamrishayo maziwa na hedhi. Mzazi akikaa muda mrefu bila damu ya kutosha, tezi hii yaweza kufa. Tabibu Sheehan wa Uingereza aliyaeleza haya mwaka 1937: mama aliyepona damu akakosa maziwa, na hedhi yake isirudi kabisa. Kizazi chake kizima, lakini mwenye kukiamrisha hayupo. Tena mwaka 1948 tabibu Asherman alieleza namna kizazi kinavyoweza kugandamana kwa makovu baada ya kukwanguliwa kwa ukali. Kwa hiyo kutoa mabaki ya kondo ni kazi ya mkono mwepesi na wenye ujuzi. Basi anayengoja ngoja kwa kuogopa kisu, aweza kukiokoa kizazi na kuupoteza uzazi. Kuhifadhi uzazi ni kuhifadhi damu, na kuhifadhi damu ni kuhifadhi wakati.

MLANGO WA 7: Yaliyo juu ya mwanamume

Kwanza, kabla ya kuzaa, hakikisha mkeo anahudhuria kliniki, ana vidonge vya kuongeza damu na analala ndani ya chandalua. Mwenye upungufu wa damu hushindwa na kiasi ambacho mwenzake angekivumilia.

Pili, jua mapema atazalia wapi, na kama hapo pana damu na tabibu wa kupasua. Aliyewahi kutokwa na damu nyingi, au aliyewahi kupasuliwa, au mwenye mapacha, asizalie nyumbani. Weka akiba ya nauli, na jua nani atakayewasafirisha usiku.

Tatu, toa damu. Mwaka 1829 tabibu James Blundell wa London alimwokoa mzazi kwa kumtia damu ya mtu mwingine. Na tangu mwaka 1901, Karl Landsteiner wa Vienna alipogundua makundi ya damu, kazi hiyo imekuwa ya salama. Lakini damu yako wewe mume afadhali iingie katika hazina ya hospitali kwa ajili ya watu wengine, na mkeo apewe iliyomo. Kwani damu ya mume yaweza kuufanya mwili wa mke ujenge kinga, ikaja kumdhuru mtoto wa mimba ijayo. Ndugu zako na vijana wa mtaa nao watoe, wala wasingoje mtu wao afike kitandani.

Nne, neno la idhini. Mwili ni wake, na neno la kwanza ni lake akiwa na fahamu. Zungumzeni mapema, naye akuambie analolitaka. Kisha umwambie mkunga na mama yake kuwa tabibu asikungoje wewe. Mume aliye baharini au safarini asiwe kufuli juu ya mlango wa chumba cha tiba. Na kama tabibu aliyepo ni mwanamume, wanazuoni wetu wamekwisha bainisha kuwa dharura ina hukumu yake, na kuokoa roho kumetangulia.

Tano, akipona, ombeni cheti kilichoandikwa yaliyofanywa: mshono gani, mishipa gani, damu kiasi gani. Cheti hicho kihifadhiwe pamoja na hati za nyumba, kwani tabibu wa mimba ijayo atakihitaji. Mpumzishe, mlishe, mshaurini tabibu juu ya muda wa kupisha kabla ya mimba nyingine, na mimba hiyo izaliwe hospitalini. Na kama maziwa hayakuja au hedhi haikurudi, mpeleke akachunguzwe, wala usiende kutafuta nani aliyemroga.

KHATIMA

Mukhtasari wa somo letu ni huu: damu ya khatari hupimwa kwa kiasi na hali, si kwa siku, sababu zake ni nne, na kila moja ina tiba yake, kati ya kukanda kwa mkono na kutoa kizazi ziko ngazi nyingi za kupanda, na ngazi hizo humfaa aliyefika mapema. Aliyefika amekwisha kauka damu, tabibu hana nafasi ya kuchagua.

Ewe uliyesoma, msomee na mwenzio asiyejua kusoma, na mkeo asikie. Tunamwomba Mola awahifadhi wazazi wetu na wana wao. Wallahu aalamu.